Silinda ya Kwanza Ni Ipi?

Ko. Ko. Ko.

Mlio huo ndio uliotukatiza wiki iliyopita, ukitokea tumboni mwa injini. Najua wapo walionisema vibaya kwa kuishia pale. Nimesikia, na siwalaumu. Ila mimi mwenyewe hawa watu wameshanichosha, nilihitaji kupumua.

Kwa aliyechelewa, mambo yako hivi. Fundi ana gari dogo jekundu la kukimbiza kwenye uwanja wa mbio, zile siku ambazo mwenye gari yeyote anaruhusiwa kuingia na kulikanyaga mpaka roho yake itulie. Dereva ni mdogo wake, anayeitwa Breki kwa sababu hajawahi kuonekana akizitumia. Mwaka jana injini ilipasuka Breki akiwa kwenye usukani, mbele ya umati mzima. Fundi akasema, "Umeiua." Breki akasema, "Nilikwambia inagonga." Tangu siku ile hawakusemeshana.

Mama yao, Bi Mkubwa, akakata shauri. "Mliivunja wawili, mtaijenga wawili. Na mpaka mmoja wenu aniambie ukweli wa siku ile, shikamoo zenu siziitikii."

Kweli hakuitikia. Kila siku walimwamkia, na kila siku aligeuza uso ukutani.

Basi wakaijenga, lakini kwa zamu. Fundi asubuhi, Breki mchana, mmoja akiingia mwingine anatoka. Wakatia pistoni mpya za kuhimili mbio, wakabadili kemshafti, hedi ikapelekwa kuchongwa, kabureta moja ikawa mbili. Maneno yao yote yalipitia kwa mke wa Fundi, Mama Pacha. "Mwambie huyo gasketi imekuja." "Mwambie huyo spana yangu airudishe ilipokuwa." Masikini mwanamke wa watu, alikuwa kama posta isiyo na likizo.

Na Breki alikuwa anataka kitu kimoja tu duniani: kaka yake asimame mbele ya mama yao aseme kwamba injini ile hakuiua yeye.

Sasa ni Ijumaa mchana. Kesho ni siku ya uwanja. Injini imewashwa kwa mara ya kwanza, na inagonga.

Bi Mkubwa aliusikia mlio, akiwa ameketi uani kwenye kiti kilichong'olewa kutoka gari bovu. Mama Pacha aliusikia, na beseni la nguo mikononi. Breki aliusikia, akasogea dirishani mwa gari.

Fundi alikuwa anatabasamu.

Alisimama kando ya mlango wa gari, kitambaa cheusi kwa oili begani, macho yamelegea kwa kukosa usingizi, anatabasamu kama aliyekabidhiwa mtoto wake wa kwanza. "Mnaisikia hiyo?" akasema. "Inaimba, jamani! Inaimba!"

Breki akapenyeza mkono dirishani akazima.

"Nani kakwambia uzime?"

Beseni likamponyoka Mama Pacha. Si kwa ukali wa swali. Ni kwamba kwa mwaka mzima Fundi hakuwa amemuuliza mdogo wake swali lolote ana kwa ana.

"Inagonga, kaka."

Fundi alimtazama mdomoni. "Haigongi."

"Inagonga chini, kwenye krenki."

"Mimi nafungua injini tangu wewe hujui kufunga kamba za viatu. Haigongi!"

Breki uso ule aliwahi kuuona. Mwaka jana, pale kwenye mstari wa kuingilia, alishusha kioo akasema, "Kaka, inagonga," na kaka yake akamtazama hivi hivi, mdomoni, kisha akampungia mkono: nenda.

Fundi akawapa mgongo, akaanza kufuta vidole vyake kwa kitambaa, kimoja kimoja.

Breki akasema nyuma yake, kwa sauti ya kawaida kabisa: "Kaka, shati lako linaungua."

Fundi akaendelea kufuta vidole.

"Kaka, moto. Mgongoni."

Fundi akakunja kitambaa, akakitazama, akakunjua upande ulio safi kidogo.

"Basi, shemeji," Mama Pacha akasema. "Basi, usimfanyie hivyo."

"Ulikuwa unajua?" Breki akamwuliza.

"Nisijue vipi na nalala naye nyumba moja? Televisheni yetu jirani hahitaji kuwasha yake. Namwambia chakula tayari, ananijibu kesho. Najua siku nyingi. Kaniapisha nisiseme."

Fundi akageuka. Akakuta nyuso tatu zinamkodolea.

"Mna nini? Kafa nani?"

Breki akamkamata kaka yake kifundo cha mkono, akamvuta hadi mbele ya gari, akambandika kiganja kwenye ubavu wa injini. Kwa mkono mwingine akamwashiria Mama Pacha awashe. Injini ikaunguruma kidogo tu, ikazimwa.

Ilitosha. Fundi aliuondoa mkono kama aliyeshika pasi ya moto. Kisha akaurudisha mwenyewe, taratibu, akauacha pale ingawa injini ilikuwa imenyamaza. Tabasamu likamwisha. Akaenda kukaa juu ya tairi.

"Inagonga," akasema.

Breki angeweza kupiga kelele. Mwaka mzima alikuwa ameziandaa kelele hizo, anazifanyia mazoezi bafuni. Sasa zilipohitajika hazikutoka. Kaka yake alionekana mzee, na yeye mwenyewe alikuwa amechoka mno.

Bi Mkubwa akakohoa.

"Ifungueni."

"Mama, kesho ndiyo siku yenyewe," Breki akasema.

"Ifungueni leo. Wote wawili, kwa pamoja. Zamu zimekwisha."

Kama hujawahi kulala chali chini ya gari ukiwa umeshachoka tangu mwezi uliopita, mshukuru Mungu. Sakafu inakula mabega. Oili inatafuta jicho. Kila bolti uliyoikaza kwa nguvu zako zote, sasa ndiyo unayotakiwa kuilegeza kwa nguvu ambazo huna.

Gari likapandishwa kwenye stendi. Ili kushusha sampo, lile bakuli la oili lililo chini ya injini, ilibidi kwanza wafungue mauntini, ile mikono ya mpira inayoishika injini isicheze, kisha wainyanyue injini kidogo kwa jeki. Fundi akashika upande wa kulia, Breki wa kushoto. Walifanya kazi bila maneno, ila sasa kwa ishara, na ajabu ni kwamba walielewana haraka kuliko walivyowahi kuelewana kwa mdomo.

Sampo ikashuka. Breki akachovya kidole kwenye oili, akakitoa juani. Kidole kilimetameta kwa chembe za chuma.

"Beringi zimelika," akasema kwa sauti kubwa.

"Haziwezi. Ni mpya."

"Kaka, tazama kidole!"

Fundi akatazama.

Wakaanza kufungua kofia za konrodi. Konrodi ni kile chuma kinachoiunganisha pistoni na krenki, ule mhimili unaozunguka chini ya injini, na chini yake kina kofia inayofungwa kwa bolti mbili. Chuma na kofia yake huchongwa pamoja kiwandani. Ni mke na mume. Ukimvisha huyu kofia ya yule, kwa macho hutaona kasoro, lakini tundu linapinda kwa unene wa unywele, na unywele huo ndio unaotafuna beringi, kile chuma laini kilichomo tunduni.

Breki akaipangusa kofia ya kwanza. Nukta moja ya tindo. Akapangusa konrodi yake. Nukta moja.

"Zinalingana," akasema.

"Lazima zilingane. Kofia nilizitia alama mimi, kwa mkono wangu, asubuhi ile nilipozifungua."

"Na konrodi nilizitia mimi mchana wake, nilipozitoa."

"Basi. Moja kwa moja, mbili kwa mbili. Sasa tatizo liko wapi?"

Wakalala pale wakiitazama injini juu yao. Breki akaanza kuzihesabu silinda kwa kidole.

"Kaka," akasema, kisha akakumbuka, akamgusa bega ili atazame. "Kaka. Silinda ya kwanza ni ipi?"

"Swali gani hilo? Ya mbele. Hii ya upande wa feni."

Breki akafumba macho.

"Nini?"

"Mimi nahesabu kutoka kwenye gia boksi."

"Unahesabu kutoka wapi?"

"Gereji niliyojifunzia ndivyo tulivyokuwa tunahesabu. Unaanzia nguvu inakotokea."

"Kwa hiyo moja yako..."

"Ni nne yako."

Fundi akakilaza kichwa chake sakafuni.

Injini nzima, jamani. Mke wa kwanza alivishwa mume wa nne, wa pili mume wa tatu, na kila mmoja akakazwa barabara, kwa kipimo sawasawa, na mafundi wawili wasiokosea. Walipoizungusha kwa mkono ilikuwa nzito, na kila mmoja kwa zamu yake akajisemea moyoni kwamba ni upya wa pistoni. Angekuwa na mtu wa kumwuliza pembeni, angeuliza. Mtu huyo alikuwapo, ndugu yake, ila walikuwa hawasemeshani.

Mama Pacha aliinama kuchungulia. "Vipi, mmeona?"

Breki akamweleza. Mama Pacha akasimama wima. Akaenda hadi ukutani, akarudi. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyeishiwa, mpaka akakaa chini kwenye zege na kanga yake ikaingia kwenye oili asijali.

"Mwaka mzima!" akasema akijifuta machozi. "Mwaka mzima nabeba maneno yenu kama punda. Mwambie huyu hivi, mwambie yule vile. Juzi nimetumwa kusema kwamba fulani anapiga mluzi vibaya! Ila kuniambia niulize silinda ya kwanza ni ipi, hilo hapana. Hilo lilikuwa zito."

"Mama Pacha..." Fundi akaanza.

"Niache nicheke! Mimi nina pacha wangu wa kulea, na wewe una kabureta pacha zako. Usiku nilikuwa nalala na krenki uvunguni mwa kitanda. Niache nicheke, nisije nikalia."

Akalia hata hivyo, kidogo tu, kisha akaenda kuwachemshia chai.

Beringi mpya zilikuwapo. Breki alikuwa amenunua seti mbili, na wakati ule Fundi alituma ujumbe kwamba kuna mtu anadhani anafungua duka. Leo Fundi aliipokea seti ya akiba bila neno. Krenki ilikuwa na mikwaruzo myepesi, wakaisugua kwa msasa laini mpaka ikang'aa. Wakabadilisha kofia, moja kwenda kwa nne, mbili kwenda kwa tatu. Wakazungusha krenki kwa mkono. Ikazunguka laini kabisa.

Fundi akashusha pumzi ndefu. Sampo ikarudi mahali pake. Injini ikateremshwa.

"Mauntini," akasema. "Mimi huku, wewe huko. Kaza."

"Nakaza."

Breki akaiingiza bolti kwa vidole, akanyoosha mkono kutafuta spana. Wakati huo mabega yao yalikuwa yamegusana, na labda ni hilo, au ni uchovu, ndilo lililomfanya aulize.

Akamgusa kaka yake. Akasubiri atazame.

"Mwaka jana nilikwambia inagonga."

"Uliniambia."

"Ukasikia?"

Fundi akaikaza bolti yake mzunguko wa mwisho, akashusha spana. "Sikusikia injini. Sikukusikia hata wewe. Niliona midomo tu inacheza, nikadhani unaniuliza kama uende. Nikakuambia nenda."

"Halafu ilipopasuka?"

"Ilipopasuka nilijua papo hapo. Nikataka kusema." Akafuta uso kwa mkono wenye oili, akazidi kuuchafua. "Lakini watu wote walikuwa wanakutazama wewe. Nikawaacha wakutazame."

Mwaka mzima mtaani wanamwita Breki muuaji. Mwaka mzima hakuna aliyempa gari lake alishike hata kulisogeza kivulini.

"Mwambie mama," akasema.

"Nikisema, tumekwisha. Fundi asiyesikia injini ni sawa na mpishi asiye na ulimi. Nani ataniletea gari? Hawa pacha watakula nini?"

"Kwa hiyo niendelee kuwa muuaji mimi."

"Sikusema hivyo."

"Hukusema. Wewe huwa husemi, kaka! Unapunga mkono tu!"

Akaitupa spana, ikagonga ukuta. Fundi hakuisikia hiyo nayo. Breki akajivuta kutoka chini ya gari, akatoka nje ya geti, akakaa ukingoni mwa barabara huku mikono imemning'inia.

Aliporudi jua lilikuwa limeshuka kwenye kuta. Chai yake ilikuwa imepoa. Kaka yake alikuwa anamimina oili mpya, polepole, bila kuinua macho.

"Tayari?" Mama Pacha akauliza.

Breki alikuwa na hasira, na njaa, na mgongo wake ulikuwa unawaka moto.

"Tayari," akajibu.

Wakawasha. Injini ikashika mara moja, ikanguruma mlio mzito, mtamu, usio na doa. Breki alisikiliza kwa masikio yake yote. Fundi alisikiliza kwa kiganja. Hakuna aliyetabasamu. Wakaenda kulala.

Jumamosi asubuhi uwanja ulikuwa umejaa. Magari ya kila rangi yamejipanga, boneti wazi, watu wameinama juu yake. Gari jekundu likafika likiendeshwa taratibu barabara nzima, Breki kwenye usukani, kaka yake kando, Mama Pacha na Bi Mkubwa wakiwa wamebanana kiti cha nyuma.

Hawajashuka vizuri, kelele zikaanza.

"Oyaa! Muuaji kaja!"

"Leteni jeneza la injini!"

"Breki, safari hii unaua nini? Gia boksi?"

Breki alicheka kidogo, kile kicheko cha mdomoni tu. Akavaa kofia yake ngumu mapema kuliko ilivyohitajika, uso upate pa kujificha. Mama Pacha aliona. Bi Mkubwa aliona.

Fundi hakusikia kelele zile, lakini aliona midomo inacheza na mabega ya mdogo wake yanashuka. Alikuwa ameshajifunza kusoma mabega.

Akapiga boneti kwa kiganja. Pa! Watu wakageuka.

"Sikilizeni," akasema. Na kwa kuwa hakujua tena sauti yake ina ukubwa gani, alisema kwa kishindo mpaka mwenye bendera kule mbele akageuza shingo. "Injini ya mwaka jana hakuiua huyu. Niliiua mimi. Aliniambia inagonga. Mimi masikio yangu hayafanyi kazi. Sikusikia, nikamwambia nenda. Nikaona aibu kusema. Mwaka mzima nimemwachia mdogo wangu mzigo wangu, naye kaubeba."

Hakuna aliyecheka.

Mtu mmoja mwenye gari la buluu, ambaye wiki ile ile alikuwa ameahidi kumletea Fundi injini yake, alitazama viatu vyake. Akalishusha boneti lake taratibu, akasogea zake. Fundi alimwona akiondoka. Alijua maana yake. Hata hivyo hakuyarudisha maneno.

Akageuka kwa mama yake. "Shikamoo, Mama."

Bi Mkubwa alikuwa ameshikilia mlango wa gari.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Marahaba, baba."

Fundi alibaki amemtazama, anangoja. Mama yake alikuwa amesema kwa sauti ndogo, na mtandio ulikuwa umemfunika mdomo.

Breki akavua kofia. Akamsogelea kaka yake, akamwekea mdomo karibu kabisa na sikio.

"Kasema marahaba."

Fundi akakaa chini pale pale kwenye lami. Akalia waziwazi, kama mtoto, oili ya jana ingali kwenye kucha zake. Mama Pacha akamshika kichwa akakiegemeza kwenye mapaja yake, akawakazia macho watu mpaka wakakumbuka kwamba wana magari yao ya kushughulikia.

Breki akageuka kwa mama yake. "Shikamoo, Mama."

"Yako iko hapa," Bi Mkubwa akasema akijigusa kifua. "Utaipata ukirudi salama. Nenda."

Basi akaingia, akajifunga mkanda, akawasha, akasogea hadi kwenye mstari wa kuingilia. Ni mstari ule ule wa mwaka jana. Mlio ulikuwa safi. Nyuma yake magari yalijipanga, mbele yake mwenye bendera aliinua mkono. Breki hakuwa amejisikia mwepesi hivi kwa muda mrefu. Kiu yake ya mwaka mzima ilikuwa imekatwa kwa maneno machache, na sasa alitaka kukanyaga tu.

Fundi alifuata kwa miguu, amechoka, macho mekundu. Aliweka kiganja juu ya boneti, kwa kuaga tu.

Kiganja kikakaa.

Akakibandika vizuri. Akainamisha kichwa.

"Zima," akasema.

Breki akashusha kioo. "Nini?"

"Zima, mdogo wangu. Kuna kitu kinacheza."

Breki akavua kofia, akasikiliza. Hakukuwa na kitu. Injini ilikuwa inapumua kama mtoto aliyeshiba. "Iko safi, kaka! Mimi nasikia! Iko safi kabisa!"

"Sijui unasikia nini. Mkono wangu unaniambia inacheza."

Honi zikaanza nyuma. "Muuaji, ondoka njiani!" Mwenye bendera akatikisa mkono kwa hasira: ingia au toka. Mguu wa Breki ulikuwa juu ya pedeli ya mafuta. Alikuwa na masikio mazima mawili, na mbele yake alisimama mtu asiyesikia anayemwambia kuna tatizo.

Akamtazama kaka yake usoni. Akakumbuka jinsi inavyouma kusema jambo la kweli na mtu akupungie mkono.

Akazima.

Kelele za kuzomea zikapanda, kisha zikatulia kidogo, na katika utulivu ule kitu kikadondoka chini ya gari. Ting. Kikabiringika juu ya lami, kikasimama kando ya tairi la mbele, upande wa kushoto.

Breki alifungua mlango, akazunguka hadi upande ule, akainama, akakiokota. Kilikuwa cha moto bado.

Ilikuwa bolti ya mauntini. Upande wa kushoto. Ile aliyoiingiza kwa vidole jana, akanyoosha mkono kutafuta spana, akauliza swali, akakasirika, akatupa spana ukutani, akaondoka. Ile ambayo Mama Pacha alipouliza kama tayari, yeye alijibu tayari. Angekanyaga, injini ingening'inia upande mmoja kwenye kona ya kwanza.

Akaifumba bolti kiganjani.

Nyuma walikuwa wanamzomea. Kando ya uzio Bi Mkubwa alikuwa amesimama, mkono kifuani, pale alipoihifadhi ile marahaba. Mfuko wa suruali ya Breki ulikuwa karibu kabisa na ngumi yake. Hakuna aliyeona kitu. Hakuna aliyesikia.

Fundi alizunguka gari, akamshika mdogo wake begani, akamtazama mdomoni kwa macho yale yaliyochoka, yasiyo na shaka hata chembe.

"Mimi sikusikia kitu," akasema. "Niambie wewe."